Nilikandika kuta kabla ya kuezeka

Banda langu la jiko lilianza kuvuja masika ya 2023, nami nikalitibu kwa sufuria. Tone likianguka hapa naitega. Likihamia kule naisogeza. Juni mvua ikakatika, kipupwe kikaingia, sufuria nikaifudikiza juu ya kinu na habari za paa zikanitoka. Makuti yana hila hiyo. Jua likiwaka huoni ila yake. Hata ile mianya hupitisha vijua vidogo vidogo chini, watoto wakacheza kuviziba kwa viganja.

Naandika kwa ajili ya mwenye banda kama langu, mume aliye dago, kambi ya uvuvi, mwambao wa Tanga na wavuvi wenzake, na watoto watatu ambao njaa yao huja pamoja na mvua. Niko Mtambwe, Pemba. Nilipanga kutumia shilingi 150,000. Nikamaliza na 307,000, na kwa wiki tatu nilipikia mahali ambapo mtu mwenye akili zake hapikii.

Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu ya miezi, na nitalieleza kwa urefu maana ndilo lililoyazaa mengine. Kwetu kusi likishalegea huja demani: upepo mwanana, bahari imelala, mchana mkavu. Vuli hufuata, Oktoba mpaka Disemba. Kwa hiyo kazi za nyumba, kuezeka, kukandika, kutengeneza ua, nafasi yake ni demani. Lakini demani hiyo hiyo ndiyo inayotukuta kwenye karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwa hiki, na msimu ukichanganya, ukipita kijijini mchana ukakuta kimya, angalia juu: watu wako mitini.

Nina mikarafuu minne, urithi wa marehemu baba. Nikajipangia: nitachuma, nitaanika, nitapeleka kituoni, fedha nikiipata namwita fundi. Nilijiona nimepanga vizuri kweli. Nilichosahau ni kwamba wanaoezeka ndio hao hao wanaopanda mikarafuu. Mtu asiyeogopa kukaa juu ya paa ndiye asiyeogopa kukaa tawini. Na kila mwenye paa bovu naye alikuwa anangoja fedha ile ile ya karafuu ili amwite fundi yule yule.

Wala sikukosa kuonywa. Agosti, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, redio ikatangaza kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa inatarajia mvua za vuli zipite wastani katika maeneo mengi, kwa sababu ya El Nino. Nikasikia vizuri kabisa. Nikaendelea kukuna nazi.

Mfungo sita mwaka ule uliangukia Septemba. Maulidi yakasomwa, na siku ya pili yake nikamwendea fundi. Nilimkuta barazani kwake anakagua kamba ya kupandia.

"Ami, banda langu lavuja."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Akanitazama, akacheka. "Mwanangu, Julai hukuniona? Nilikuwa nimekaa hapa hapa, sina kazi, nahesabu wapitao njia. Sasa nina mikarafuu ya watu. Nikishuka nakuja."

"Utashuka lini?"

"Zikisha."

Nikarudi nyumbani nimenuna, lakini nikajiambia ninunue vifaa, akishuka akute kila kitu tayari. Wazo si baya. Ubaya ulikuwa kwamba nilipima peke yangu.

Makuti yako namna mbili. Ya kumba ni jani zima la mnazi, hupasuliwa katikati na kusukwa. Ni rahisi na huoza upesi. Ya viungo, majani hukunjwa moja moja juu ya kijiti na kushonwa. Ni ghali zaidi na hukaa miaka mingi zaidi. Paa langu la zamani lilikuwa la kumba, na kama halikuanguka mapema ni kwa rehema za moshi, maana moshi wa jiko huwafukuza wadudu. Safari hii nikachagua viungo, na hilo silijutii.

Kila upande wa paa una mita 4 kwa urefu, na kutoka mgongoni mpaka upenuni mita 2 na nusu. Nikaweka safu moja kwa kila shibiri, zikawa safu 11. Kila safu makuti 6. Pande mbili, 132. Nikaongeza manane ya tahadhari, nikanunua 140 kwa shilingi 400 kila moja: 56,000. Nikayapanga uani juu ya magogo ili mchwa wasiyafikie, nikayatazama kama mtu aliyekwishajenga.

Jioni moja fundi akapita, mabega yamejaa majani ya mikarafuu. Akasimama mbele ya lundo langu.

"Haya ya upande mmoja. Ya upande wa pili yako wapi?"

Nikamweleza hesabu ya shibiri. Akachukua makuti matatu, akayalaza chini, la pili likakaa juu ya la kwanza, la tatu likayafunika yote mawili, kisha akapima kwa kiganja chake umbali kati ya kijiti na kijiti. Nusu shibiri. "Ukiweka shibiri nzima," akasema, "umejenga kivuli."

Nikarudi kwa wauzaji. Makuti yalikuwa yamefika 600. Nikamuuliza yule mama kulikoni, akanionyesha mikono yake imekuwa myeusi: usiku wanachambua karafuu, nani ana muda wa kushona makuti? Mikono ile ile tena. Mengine 140 yakanichukua 84,000. Kama ningekwenda Julai, ningelipa 56,000 kwa mzigo huo huo.

Na wakati wa kununua usione haya kukagua. Inua kuti moja ulielekeze juani. Ukiona mwanga unapenya katikati ya majani, rudisha. Vuta mshono. Linuse, maana lililolundikwa na maji lina harufu ya uvundo hata kama juu limekauka. Na ukiona majani bado ya kijani, ujue yatanywea na mishono italegea ukiwa umekwishalipa. Mimi katika mzigo wa pili nilipokea hivyo hivyo kwa haraka, nikatupa kama kumi. Hayo nimeyatupa kimya kimya. Mume wangu atayasoma hapa.

Sasa nifike kwenye lile kosa ambalo hata kuliandika naona tahayari.

Ilikuwa katikati ya Oktoba. Fundi kaniambia "wiki ijayo" mara mbili. Nikaona nipunguze kazi yake: nikamwita mtoto wa kaka yangu, tukaliezua paa la zamani lote, tukabakisha nguzo na kuta. Kisha, kwa kuwa kuta zenyewe zilikuwa zimebanduka huku na huku, nikasema Jumamosi nitazikandika na watoto. Naam. Banda halina paa, na mimi nakandika udongo.

Sitasema uongo, Jumamosi ile ilikuwa nzuri. Udongo mwekundu tuliuchimba nyuma ya nyumba Ijumaa, tukauloweka usiku kucha. Asubuhi wakaingia wote watatu kuukanyaga, mkubwa wa miaka 12, wa kati wa 9, na mdogo wa 5 ambaye alizama mpaka magotini akawa hawezi kujitoa, anacheka mpaka anakosa pumzi. Ukashika kama donge la chapati. Binti yangu mkubwa akatomea vijiwe kwenye nafasi za fito, mimi nikawa napiga madonge na kusawazisha kwa kiganja. Magharibi ilipoingia tulikuwa tumemaliza kuta tatu. Mkwe wangu akatoka, akatazama kuta, akatazama mbingu, akasema, "Haya mama," akarudi ndani. Kwa aliyemzoea, hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Jumapili usiku nikaanza kuingiwa na hofu, Jumatatu asubuhi nikatuma mtu Wete akaninunulie turubai, 35,000. Likafika adhuhuri. Nikasema nitalifunga nikishaswali alasiri.

Wingu lilitokea upande wa bahari ya mashariki, jeusi chini na jeupe juu. Sikulitazama sana, kwa sababu wakati huo huo sauti ilipigwa kutoka nyumba ya jirani: "Karafuu! Jamani karafuu!" Jirani yangu ni mjane. Karafuu za msimu mzima alikuwa nazo juu ya majamvi manne, zimeshageuka rangi ya kahawia, zimebakisha siku moja zikauke. Karafuu ikinyeshewa katika hali hiyo hufanya ukungu, na bei yake huanguka. Watu wanatoka mbio kila nyumba, kila mmoja na jamvi lake la kuokoa. Kwake yeye wanaume walikuwa bado mitini.

Nilikuwa nimesimama na turubai mikononi. Kuta zangu upande huu, majamvi yake upande ule. Nikakimbilia kwake. Tukakunja majamvi pembe kwa pembe, tukayalundika upenuni, tukayafunika kwa turubai langu, na tone la kwanza likanipiga shingoni wakati tunakanyagia pembe zake kwa mawe. Harufu ya karafuu yenye joto la jua, na juu yake harufu ya vumbi lililoguswa na mvua. Hizo mbili pamoja hata leo hunikumbusha siku hiyo.

Mvua ilinyesha kama saa moja na nusu. Niliporudi, ukuta wa upande wa mlango ulikuwa umebaki fito tupu. Udongo wote umekaa chini kama uji uliomwagika, vijiwe vya binti yangu vinang'aa juu yake, vimeoshwa vizuri. Watoto wamesimama upenuni mwa nyumba kubwa hawasemi. Kisha mdogo akauliza, "Mama, tutaukanyaga tena kesho?" Nikalia. Si kwa ajili ya udongo, udongo haununuliwi. Nililia kwa sababu nilijua kosa langu kabla sijalifanya, nikalifanya hivyo hivyo.

Usiku nikazungumza na baba watoto kwa simu. "Si ungeningoja nirudi niezeke mwenyewe?" Nikamuuliza anarudi lini. Disemba, akasema. Nikakata simu, na sikumwambia nimefikia shilingi ngapi. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana alipokuja kusikia hesabu kutoka kwa mtu mwingine tuligombana upya kwa jambo lililokwishapoa.

Ikawa hakuna jiko. Mvua zikashika, na redio ilikuwa imesema kweli. Nikahamishia jiko la mkaa ukumbini. Siku kavu nilikuwa napikia barazani, hapana tabu. Lakini ikaja siku ya mvua ya upepo, maji yanaingia mlangoni, nikafunga mlango na madirisha nipike mihogo ndani. Mihogo haijaiva, binti yangu mkubwa akasema kichwa kinamgonga. Mara akatapika. Nikadhani homa. Mkwe wangu ndiye aliyeamka kitandani akafungua milango yote miwili, akapiga kelele, "Mtoe nje! Mtoe nje wewe!" Tukakaa naye upenuni, mvua inatupiga miguu, mpaka rangi yake ikarudi. Asubuhi nikampeleka kwa muuguzi, akanieleza kuwa mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kwamba nilikuwa na bahati mtoto alikuwa macho. Angekuwa amelala asingesema kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo hili nalisema bila kuzungusha: mvua ikikufungia, kuleni mkate wa jana na chai ya baridi. Usiingize mkaa ndani ukafunga mlango, hata kwa chungu kimoja.

Mdogo wangu anaishi Uingereza. Kawaida hunipigia baada ya Isha, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma, tofauti yetu ikawa saa tatu badala ya mbili, basi simu yake ikanikuta usingizini. Nikamhadithia yote. Akanyamaza, kisha akaanza kucheka: naye alikuwa amepanda kiti anabandika vipande vya sponji kwenye mianya ya madirisha, huku nje majani yamepukutika na baridi imeshaingia mpaka chumbani. Nikamuuliza alitakiwa azibe lini. "Agosti," akasema. Ukoo mmoja. Akanitumia laki moja, Mwenyezi Mungu amzidishie.

Fundi alishuka wiki ya kwanza ya Novemba, na hakuja peke yake. Yule jirani alituma wanawe wawili, wakaja na mashoka, wakasema mama yao kasema wasirudi mpaka banda lifunikwe. Sikuwaomba. Msaragambo wa namna hiyo ulikuwa umeanza kupotea kwetu, kila mtu siku hizi na fedha yake, lakini haujafa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya miti. Nguzo mbili zilikuwa zimeliwa chini, mtu huzijua kwa kuzigonga: nzima hulia kavu, iliyoliwa hulia kama boga. Tulitumia mivinje, kwa kuwa mikoko haikatwi ovyo, nami sikutaka kesi juu ya mvua. Miti na fito 45,000, kamba za makumbi 12,000, gari la ng'ombe la kuvileta vyote 15,000. Fundi akaongeza mwinuko wa mgongo kwa zaidi ya shibiri moja. Paa la zamani lilikuwa limelala mno, maji yakikaa juu yake yanatafuta njia ya kwenda chini, na chini ndiko tuliko sisi.

Siku ya pili na ya tatu, kuezeka. Nilikuwa nakaa chini nampa makuti, nikaona kazi ambayo miaka yote nimeishi chini yake bila kuitazama. Kamba huloweshwa kwanza, ili ikikauka ikaze. Huanzia upenuni, hupanda. Kuti analiweka kijiti kikiwa juu, analifunga ufitoni mara mbili, kila kuti linamlalia mwenzake ubavuni kwa upana wa kiganja. Halafu anapiga kwa kofi, pa, pa, kusikia kama limekaa. Lililokaa halirudishi sauti. Safu ilipofika juu mgongoni akataka makuti ya kumba, akayapinda pande zote mbili na kuyabana kwa fito. Hapo ndipo paa nyingi huvujia, na ndipo mafundi wenye haraka hulipua. Kaa ukitazame kipande hicho hata kama una mchele unaungua.

Ujira wake ulikuwa 20,000 kwa siku, siku tatu 60,000. Vijana wa jirani walikataa fedha, wakala wali wa nazi na mchuzi wa changu kwa siku tatu mfululizo. Chakula sikukihesabu kwenye ile 307,000. Ningekihesabu ningelia tena.

Kuta tulizirudia baadaye, chini ya paa, bila papara. Mkono wa kwanza ukaachwa ukauke na kupasuka utakavyo, kisha mkono wa pili wenye mchanga kidogo ukaziba nyufa. Mdogo akapata kukanyaga udongo wake. Fundi akanielekeza kwa siku chache za mwanzo niwashe moto mdogo wa makumbi, wenye moshi mwingi kuliko mwali, mafiga yakae katikati mbali na kuta, na nisitundike makarara wala kuni kavu juu ya jiko kama nilivyozoea.

Baba watoto alirudi Disemba, ngozi imechanika kwa chumvi. Kabla hajaketi akaingia bandani, akatazama juu muda mrefu. "Nani kakupangia fito karibu karibu hivi?" Nikamwambia. Akapitisha mkono ukutani, akafika mahali pale mlangoni ambapo udongo mpya na wa zamani haujashikana sawasawa, akatia kidole kwenye ufa, akanitazama. Nikamtengea chai.

Linavuja bado, sehemu moja tu, pale kipenu cha kuni kinapokutana na paa. Ile sufuria imerudi kazini. Kipenu hicho nimeshakipima kwa nusu shibiri, kinataka makuti 60, na fundi nimempa ahadi ya Julai, kabla hajaigusa kamba yake ya kupandia.